Daftari Lililo Mikononi mwa Wengi



Twaukumbuka sote msimu ule daftari la mizani lilipokuwa moja tu, nalo likikaa kwa karani mmoja. Alipokosea, mkulima hakuwa na cha kulinganisha ila risiti yake, kama haikulowa mvua. Ndipo tulipojifunza kwamba fedha ni kumbukumbu ya nani amdai nani, na mwenye daftari ndiye mwenye nguvu.

Sarafu ya Bitcoin, iliyoelezwa mwaka 2008 na mtu aliyejiita Satoshi Nakamoto, ikaanza kutumika Januari 2009, imejengwa juu ya jambo hilo hilo. Daftari lake limenakiliwa katika kompyuta nyingi za watu wasiojuana. Ukurasa mpya hufungwa kila dakika 10 hivi, wala hapana mmoja awezaye kuufuta kwa siri. Kanuni zake haziruhusu sarafu kuzidi milioni 21. Haki iliyomo twaikubali: mnyonge asiombe kibali cha mkubwa ili atunze jasho lake.

Hata hivyo hatuwashauri kutia akiba ya Chama humo. Mwaka 2021 sarafu moja ilipita dola za Marekani 60,000. Mwaka 2022 ikashuka chini ya 20,000. Mbolea hainunuliwi kwa bahati. Tena apotezaye ufunguo wake wa siri hana ofisi ya kuililia.

Tuombacho ni hiki: kila kituo kiwe na nakala ya daftari la mizani, isomwe hadharani siku ya malipo, na majina yetu sisi viongozi yatangulie kusomwa.