Duara la Mlangoni na Dhahabu ya Nafsi



Mlipoingia leo mliizunguka kwa heshima rangoli waliyoichora akina mama mlangoni. Naomba nieleze kwa nini duara lile si pambo tu.

Mnamo Novemba 1925 Carl Gustav Jung, tabibu wa nafsi kutoka Uswisi, aliteremka Mombasa, akasafiri hadi Mlima Elgon. Huko aliambiwa kuwa watu huliinulia viganja jua linapochomoza. Alipouliza maana yake, walijibu kuwa ndivyo ilivyofanyika tangu zamani.

Jung mwenyewe, miaka michache kabla ya safari hiyo, alikuwa akichora kila asubuhi duara dogo katika daftari. Aliliita kwa neno la Kisanskriti, mandala, akaona ndani yake alama ya nafsi iliyo kamili. Katika kitabu chake cha 1944 kuhusu saikolojia na alkemia, alieleza kuwa wale waliotaka kugeuza risasi kuwa dhahabu walikuwa, pasipo kujua, wakisimulia safari ya nafsi: kwanza giza, kisha weupe kama wa alfajiri, mwisho wekundu kama wa jua lichomozalo.

Babu yangu, sonara wa Bagamoyo, asingalishangaa. Dhahabu kuukuu haitakati ila kwa moto.

Nami nililijua giza hilo mwaka nilioelemewa na deni. Nilifunga duka, nikaona haya hata kuwatazama majirani. Mke wangu aliendelea kuchora kizingitini kwa unga wa mchele. Asubuhi moja nilimfokea: unga haba namna hii, wamwagwa chini? Hakujibu, alinipa kibakuli. Nikapiga magoti, nikatia nukta ya katikati.

Deni lilibaki vilevile. Lakini siku ile nilifungua duka, na jirani wa kwanza aliyeingia alilipita duara kwa hadhari, akanunua chumvi. Sijamsahau.

Ndugu zangu, rangoli ya leo itafutika kabla jua halijatua, na itachorwa tena. Basi aliye gizani asidhani kuwa kalibu ni kaburi. Nasi tulio nje ya giza, tusipite mlango wake bila kuingia.