Startapu haikufi juu ya kukosa akili, inakufa juu ya hesabu

Maneno yaliyosemwa mbele ya vijana wa harakati, Bukavu

Najua wengine wametoka Panzi kwa miguu juu mvua imeharibu barabara.

Mumeniomba niseme juu ya startapu. Siku hizi neno hilo liko kila mahali. Kijana anamaliza inivesite, anauliza kazi iko wapi, anajibiwa: "Jitengenezee yako, fungua startapu." Wakubwa wanasema hivyo kwenye mikutano, mashirika yanaandika hivyo kwenye mabanderole.

Mimi nilisikia, nikaamini. Tulikuwa watatu. Mteja anaagiza vyakula vya soko kwa WhatsApp, motari anamupelekea nyumbani. Kisha miezi nane kazi ilikufa. Sehemu ya pesa ilikuwa likelemba ya mama mukubwa wangu. Mpaka leo sijamaliza kumurudishia, na kila nikimutembelea ananipa chai na haulizi kitu. Hiyo njo inaniumiza zaidi.

Kwa hiyo nilianza kutafuta: hizi kampuni zinakufaka juu ya nini? Nikakuta kama Wamarekani wenyewe walishapita hapo.

Tarehe 9 Agosti 1995, kampuni ya Netscape, yenye ilitengeneza programu ya kufungulia intaneti, iliingia soko la hisa. Hisa moja ilitolewa kwa dola 28, siku hiyohiyo ikafunga kwa dola 58. Na kampuni ilikuwa haijapata faida bado. Toka pale kila mtu alitaka yake. Tarehe 10 Machi 2000, kipimo cha Nasdaq, soko lenye kampuni nyingi za teknolojia, kilikuwa juu ya 5,000. Oktoba 2002 kilikuwa karibu 1,100. Hesabuni wenyewe: kwa kila dola 5, karibu 4 zilipotea.

Angalieni wale waliokufa. Pets.com iliuza chakula cha mbwa na paka. Iliingia soko la hisa Februari 2000, Novemba ya mwaka ule ule ikafunga. Mufuko wa chakula cha mbwa ni muzito, kuusafirisha ni bei, na wao walikuwa wanauza chini ya bei yenye waliununulia. Lakini walilipa zaidi ya dola milioni moja kwa tangazo moja la televisheni wakati wa mechi kubwa. Marekani yote ilijua kile kidoli chao. Kujulikana si kulipwa.

Webvan ilipeleka vyakula nyumbani, kama sisi. Mwaka 1999 ilifanya mkataba wa karibu dola bilioni moja ili wajengewe madepo kwenye miji mingi, na mji wa kwanza ulikuwa haujaleta faida. Julai 2001 ikaanguka. Boo.com, kule London, iliuza nguo. Ilikula zaidi ya dola milioni 100, ikafunga Mei 2000. Ukurasa wao ulikuwa muzito, na watu wengi wakati ule walikuwa na intaneti ya polepole ya kupitia laini ya simu. Sisi wenye kuhesabu mega tunaelewa vizuri maana yake.

Ila kuna jambo lingine, na mutalielewa juu muliliona hapa kwetu. Wakati wa joto, wengi wao hawakuwa wanaishi kwa pesa ya mteja. Waliishi kwa pesa ya mtu wa kuweka mtaji atakayekuja kesho. Na wateja wao wengine walikuwa startapu zingine: huyu ananunua matangazo kwa yule, yule ananunua mashine kwa huyu. Bomba la pesa lilipofungwa, wote walikauka pamoja, hata wenye walikuwa na wazo zuri.

Na Amazon? Nayo ilitikisika. Hisa yake ilitoka zaidi ya dola 100 ikafika chini ya dola 10 mwaka 2001. Lakini ilikuwa imekopa pesa nyingi Ulaya Februari 2000, mwezi mmoja mbele ya anguko. Januari 2001 ilifukuza wafanyakazi 1,300. Mwisho wa mwaka ule ikaonyesha faida yake ya kwanza ya miezi mitatu. Akili ilikuwepo, bahati ilikuwepo, na wale 1,300 nao walilipa.

Musifikiri ile habari ni ya mbali. Tantali ya koltani inawekwa ndani ya vidude vidogo vya kutunza umeme kwenye simu na kompyuta. Mwaka 2000, joto lile la teknolojia lilipandisha bei yake mara nyingi. Mwaka 2001 ikaanguka. Wazazi wetu wa Kivu wanakumbuka: watu waliacha mashamba, watoto waliacha masomo, wakaenda kuchimba, na wenye bunduki wakakaa njiani kutoza. Bei ilipoanguka, mashamba yalikuwa yamekuwa pori. Hata sisi tulilipa anguko la Nasdaq, bila kumiliki hisa hata moja.

Sasa hesabu yetu sisi watatu. Motari tulimulipa franga 2,000 kwa mwendo mmoja. Mteja tulimulipisha 1,000 "ili azoee." Siku ya oda 30 tulipoteza franga 30,000, na jioni tulipiga picha ya kushangilia! Tofauti ilikuwa inatoka kwa pesa ya zawadi yenye tulipata kwenye shindano, na ilipoisha, tukagusa likelemba ya mama mukubwa. Mwenye kutulisha hakuwa mteja kamwe.

Iko tofauti moja kubwa kati yetu na wale. Kule, kampuni ikianguka, mara nyingi anayepoteza ni tajiri aliyeweka pesa kwa hiari, na sheria inajua namna ya kufunga deni. Hapa anayepoteza ni mama mwenye kuuza ndizi.

Kwa hiyo nawaomba mambo matatu. Kwanza, kabla ya kufungua kitu, tafuta watu kumi wasio ndugu zako, wenye watalipa bei kamili. Usipowapata, ngojea. Pili, pesa ya famiye isiguswe ili kufunika shimo la kila siku. Tatu, mutu akikuambia "fungua startapu," umuulize naye: umeme uko wapi? Tarehe 31 Desemba 2018 Leta ilikata intaneti inchi nzima karibu siku 20 juu ya uchaguzi. Kazi gani inayoishi kwa simu inaweza kuvumilia vile? Kisha wakatuletea RAM, wakala unite zetu kwenye simu, mpaka raia walipokataa, ikaondolewa mwaka 2022. Hesabu mbaya ilikuwa ya kwangu, nakubali. Lakini giza na kukatiwa intaneti si kosa la kijana, na wasitubebeshe.

Neno la mwisho ni letu humu ndani. Harakati pia inaweza kufa kama Pets.com: tukijulikana sana, na tukiishi kwa pesa ya mwingine. Ndiyo maana lile sanduku la mchango liko pale mlangoni. Franga 500 yako ni ndogo, lakini ni ya kwako, na hakuna mufadhili anaweza kuifunga siku moja asubuhi.

Mimi nimeanza tena, wandugu. Safari hii niko na wateja saba, wote wanalipa bei kamili. Mwezi huu nimemupelekea mama mukubwa dola kumi.