Daftari la Mahudhurio Halitoshi



Tumeombwa kuzungumzia jambo ambalo wengi wetu hulikwepa, kwa maana linatugusa sisi wenyewe. Kwa miaka mingi tumeidai serikali hesabu. Tumeuliza fedha za barabara zilikwenda wapi, na kwa nini zahanati ina jengo lakini haina dawa. Leo twapenda kuligeuza swali hilo lituelekee sisi. Semina zetu, vikundi vyetu vya akina mama, masomo yetu ya uraia katika kumbi za parokia na chini ya miti sokoni, vimebadilisha nini katika maisha ya mwananchi?

Tukiulizwa hivyo, kwa kawaida twatoa daftari la mahudhurio. Watu mia mbili walikuja, wakanywa chai, wakapigwa picha mbele ya bango la mfadhili. Ripoti hupelekwa ng'ambo, na fungu la pili la fedha huja. Daftari lile lasema kwamba tulifanya kazi. Halisemi kazi hiyo ilifanya nini.

Tuna sababu zetu za kuogopa kupimwa. Sheria ya mwaka 1990 ya kuratibu mashirika yasiyo ya kiserikali ilitungwa chini ya utawala wa chama kimoja, na wengi waliiona kuwa kamba ya kuyafunga mashirika hayo. Sheria iliyokuja kuiondoa ilipitishwa mwaka 2013, ikalala kwenye makabati hadi Mei 2024 ndipo ikaanza kutumika. Mwenye kuishi chini ya kamba hujifunza kuficha. Hata hivyo, kukaguliwa na mtawala ni jambo moja, na kujieleza mbele ya watu uliowahudumia ni jambo jingine kabisa.

Tazameni yaliyotokea Busia. Mwaka 1996 shirika moja la hisani kutoka Uholanzi lilianza kugawa vitabu vya kiada katika shule za msingi za sehemu hiyo. Nani angelaumu kitabu? Lakini watafiti, mmoja wao Michael Kremer, ambaye mwaka 2019 alishiriki Tuzo ya Nobel ya uchumi, walizilinganisha shule 25 zilizopata vitabu mwanzoni na shule nyingine za namna ile ile ambazo zilikuwa hazijapata. Alama za mtihani za wanafunzi kwa jumla hazikupanda. Waliofaidika ni wale waliokuwa mbele tangu awali. Vitabu vilikuwa kwa Kiingereza, lugha ya tatu kwa wengi wa watoto wale, na mtoto wa kawaida hakuweza kuvisoma ipasavyo. Kama shirika lingehesabu vitabu vilivyogawiwa, lingesherehekea. Kulinganisha ndiko kulikofichua kwamba mnyonge aliachwa pale pale alipokuwa.

Tuje kwenye kazi yetu wenyewe. Mwaka 2001 na 2002, kabla ya uchaguzi ulioiondoa KANU madarakani, mashirika mengi, ya kidini na ya kiraia, yaliungana katika mpango wa kitaifa wa elimu ya uraia. Profesa Steven Finkel wa Chuo Kikuu cha Pittsburgh alikuwa miongoni mwa waliochunguza matokeo. Walikuta kwamba hata mtu ambaye hakukanyaga semina, lakini alizungumza na aliyehudhuria, alipata maarifa na akaguswa mawazo yake. Huyo hayumo katika daftari lolote. Mazungumzo ya kisimani na ya kwenye matatu yalifanya sehemu ya kazi yetu, nasi hatukujua.

Mpango wa pili ulifuata, nao ulifanyika kabla ya uchaguzi wa Desemba 2007. Mnajua yaliyokuja baadaye: watu zaidi ya 1,100 waliuawa. Wengi walisema kwamba masomo yote yalikuwa bure. Basi Finkel na wenzake wakawalinganisha watu waliokuwa wamepitia masomo na wenzao wa aina moja ambao hawakuyapitia. Miongoni mwa walioathiriwa na ghasia, wale waliofundishwa hawakuwa wepesi kama wenzao kuikatia tamaa mifumo ya siasa ya nchi, wala kuunga mkono matumizi ya nguvu. Pia walikuwa wepesi zaidi kuwasamehe waliohusika na ghasia hizo.

Hapa twaomba tutulie kidogo. Je, hilo ni tunda au ni kasoro? Mchungaji anayehubiri upatanisho aweza kuliandika kama ushindi. Mwanaharakati atauliza kama raia ameacha kudai wakosaji wajibu mbele ya sheria. Sisi twaegemea upande wa pili, kwa sababu katika nchi hii neno msamaha limetumiwa mara nyingi mno kuwafunika wakubwa. Wengine humu ndani hawatakubali, nao wana haki yao. Ila tatizo letu ni kwamba hatukuwahi kukubaliana, kabla ya kufundisha, tulitaka mwanafunzi wetu atoke na moyo wa namna gani. Asiyesema mapema atafutacho ataita ushindi chochote atakachokiokota.

Kwa hiyo twapendekeza haya kwa parokia na vikundi vyote kabla ya mzunguko ujao wa masomo ya uraia. Andikeni kwanza, kwa lugha ya kijiji, mnachotarajia kibadilike. Waulizeni watu maswali kabla ya somo la kwanza, na muwaulize tena mwaka mmoja baadaye, chai ikiwa imesahauliwa. Waulizeni pia wa kata jirani ambako hamkufika. Anayeuliza asiwe yule aliyefundisha, kwa maana mgeni huambiwa anachopenda kusikia. Halafu majibu, mazuri na mabaya, yasomwe kwa sauti mbele ya watu hao hao, na fedha zilizotumika zitajwe, kabla nakala haijatiwa kwenye bahasha ya kwenda kwa mfadhili.