Karani na Karatasi za Fedha
(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama, Misunkumilo, Mpanda)



Nimechagua habari ya fedha zetu, kwa kuwa mtu wa mshahara siku yake ya kulipwa hujulikana, na mtu wa namna hiyo hutafutwa na wengi, wema na wabaya pamoja.

Jambo la kwanza ni mavuno pasipo jembe. Mtakumbuka habari ya DECI, ambayo Serikali iliizuia mwaka 2009. Watu waliambiwa wapande mbegu ya fedha, nao watavuna zaidi. Waliotangulia walivuna kweli, na kuvuna kwao ndiko kulikowavuta wengine. Lakini hapakuwa na shamba wala biashara: fedha ya aliyekuja nyuma ndiyo aliyolipwa wa mbele. Na tufanye hesabu. Ikiwa mtu mmoja lazima alete wawili, na kila mmoja wao alete wawili, hatua ya kumi yataka watu 1,024, na hatua ya ishirini yataka watu 1,048,576. Mkoa wetu wote wa Katavi, katika sensa ya mwaka 2022, ulikuwa na watu 1,100,000 na zaidi kidogo, watoto wachanga pamoja nao. Basi aliye nyuma atamleta nani? Wahenga walisema, tamaa mbele, mauti nyuma.

Jambo la pili ni mkopo ambao watu wameuita kausha damu. Tuseme karani aomba shilingi 300,000 kwa miezi minne. Akatwa 30,000 za fomu, apewa mkononi 270,000. Kisha atozwa riba ya asilimia 10 kila mwezi juu ya zile 300,000, yaani 120,000. Atarudisha 420,000. Yeye adhani amelipa riba 120,000, kumbe mkopo umemgharimu 150,000, kwa kuwa zile 30,000 hakuzitia mfukoni kamwe. Kwa kikomo cha asilimia 3.5 kwa mwezi, ambacho Benki Kuu imewatangazia wakopeshaji wadogo, riba ya miezi hiyo minne isingezidi 42,000.

Kwa hiyo yatupasa kuuliza mambo matatu kabla ya kutia sahihi, nayo yaandikwe: Nitapokea kiasi gani mkononi? Nitalipa kiasi gani kwa jumla? Na nikichelewa, nitatozwa nini? Asiyekubali kuyaandika, na tumwage kwa adabu. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 yamtaka mkopeshaji awe na leseni. Basi si utovu wa heshima kuomba kuiona. Wala mtu asiweke rehani kadi yake ya benki pamoja na namba ya siri. Wastaafu wengi wamefanya hivyo katika nchi yetu, na mwenye kadi akawa mgeni katika mshahara wake mwenyewe.

Jambo la tatu ni bima. Bima si ulaghai. Ulaghai huingia pale ambapo mtu hajui alichonunua. Mwenye pikipiki aliyekata bima ya mtu wa tatu amewakinga wale atakaowadhuru barabarani; pikipiki yake ikivunjika au ikiibwa, hatalipwa kwa bima hiyo. Kadhalika, anayejaza fomu aseme kweli yote, kwani neno lililofichwa leo laweza kuwa sababu ya kunyimwa fidia kesho. Na cheti kithibitishwe katika daftari la Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, maana vyeti vya uongo vimeuzwa. Dai likikataliwa, mtu aiandikie kampuni kwanza na kuweka nakala. Asiporidhika, aende kwa Mamlaka, au kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima.

Mabibi na Mabwana, yako makubwa kuliko mfuko wetu. Mkulima wa tumbaku au mama wa sokoni akipewa karatasi asiyoielewa, humletea karani. Tukiisoma kwa haraka na kusema, «Tia kidole hapa,» tumemsaidia mlaghai, ingawa hatukupokea senti. Jirani huyo hakuamini karatasi, alituamini sisi.

Naomba basi chama kikubali mambo mawili. Mwanachama asiwe mdhamini wa mkopo ambao hakuusoma mkataba wake mpaka mwisho. Na jioni moja kila mwezi, wawili wetu wakae kuwasomea watu karatasi zao bila malipo. Gharama yake ni taa na subira; faida yake ni nyumba za watu zisizouzwa.