Mbao ikauke kwanza

(Maneno ya mwanachama mmoja, mwalimu, mbele ya mkutano wetu wa Baraka. Tumeyaandika karibu kama alivyoyasema.)



Mwenyekiti ameniomba niseme juu ya sisi watu wa mbao. Si mafundi. Mafundi wa kweli mnawajua, wana atelie kando ya barabara na wanalisha watoto kwa kazi hiyo. Sisi ni wale ambao tukitoka shuleni, shambani ao ziwani tunashika msumeno kwa sababu nyumbani kuna kitu kimeharibika. Na pia, niseme ukweli, kwa sababu tunapenda. Harufu ya mbao ikipitiwa na randa inanipumzisha kichwa kuliko bia. Mama watoto ni shahidi.

Wengi tulijifunzia kambini, Lugufu ao Nyarugusu, kutengeneza kitanda kwa vipande vya kuokota. Tulipovuka ziwa kurudi kwetu, kila mtu alibeba alichoweza. Mimi nilikuwa na randa moja, nimeificha ndani ya sufuria. Ingali nayo.

Jumamosi iliyopita tulionyeshana kazi zetu. Dada mmoja mshonaji anamaliza kabati ya vitambaa. Mzee wetu mvuvi ametengeneza meza ya kufanyia kazi, miguu yake ameifukia kabisa ndani ya udongo ili isitikisike akipiga randa. Kijana mmoja anabadilisha boriti za paa la baba yake. Kazi nzuri zote. Mimi nilileta mlango mbaya, na juu ya huo njo nataka kusema.

Ni mlango wa jiko la mama yangu. Niliutengeneza mwaka jana mwezi wa pili, mvua ikinyesha, kwa mbao za ekaliptusi nilizonunua siku ile ile zilipopasuliwa. Nilipopiga msumari, maji yalitoka. Nilicheka, nikaendelea. Mlango ulifunga vizuri sana, mama akaniombea baraka.

Kipwa kikafika. Kufika mwezi wa saba, katikati ya mbao kidole kinapita, na pembe ya juu ilijipinda mpaka komeo halifiki tena mahali pake. Nilisema nitatengeneza. Usiku mmoja wa mwezi wa nane mtu aliusukuma tu. Alichukua mbuzi wawili waliokuwa wanalala mle, pamoja na sufuria kubwa ya kupikia pombe. Mbuzi wale walikuwa minerval ya wadogo zangu. Mama hakunigombeza hata neno moja. Alitafuta kamba, na mpaka leo anafunga mlango kwa kamba.

Wandugu, kosa halikuwa kwenye mkono wangu wala kwenye msumeno. Mbao mbichi ina maji. Ikikauka inapungua upana, urefu karibu haubadiliki. Ukiipigilia misumari kabla haijapungua, itapungulia mlangoni kwako, na kila mbao itavuta upande wake.

Sasa ninafanya hivi. Tangu mwezi wa tano mbao zangu zimelala chini ya paa, juu ya matofali, mbali na udongo. Kati ya mbao na mbao kuna fito nyembamba, zote za unene mmoja, zimepangwa moja juu ya nyingine ili upepo upite na mbao isijikunje. Ncha nimezipaka rangi, maana maji yanatoka upesi zaidi kwenye ncha, na hapo njo inapasuka. Juu kabisa nimeweka mawe. Kuna kipande kimoja ninachopeleka kila juma kwa muuza unga, anakipima kwenye mizani yake. Kilianza kilo 3.6. Kilishuka, kikashuka, sasa majuma matatu kiko 2.5 na hakisogei. Kikikataa kushuka, mbao iko tayari.

Jambo lingine dogo, maana nimeona milango mingi hapa imelegea: ile mbao ya mshazari nyuma ya mlango, ianzie chini upande wa bawaba, ipande juu upande wa komeo. Hapo inasukuma uzito kwenye bawaba. Wengi tunaiweka kinyume, na mlango unainama.

Tunafika kwenye franga. Mnajua kuna kiasi kimebaki kwenye msaada wa vyombo. Vijana wetu wanataka mashine ya kuranda, ya jenereta. Mimi ninaomba paa la mabati la kukaushia mbao, na mbao za kuanzia. Kijana mmoja aliniambia, «Mwalimu, njaa haingoje mbao ikauke.» Sina jibu kamili kwa neno hilo. Ana watoto wawili. Mashine italeta kazi za watu, ni kweli. Lakini mashine inayoranda mbao mbichi itatupatia milango kumi kama wa mama yangu kwa siku moja, na waliotulipa watarudi na milango yao kichwani.

Ninavyoona, iwe kama likelemba, ila ya mbao. Anayechukua mbao mbili kavu analeta tatu mbichi kabla mwezi haujaisha, na tarehe imeandikwa juu kwa makaa. Mtunzaji mmoja, daftari moja. Asiyeleta, hachukui tena. Tukianza sasa, kipwa kijacho kila mwanachama atapata mbao ya mlango bila kungoja, na vijana wakipata mashine yao baadaye, watakuwa na kitu cha kuipa.

Kura ni mkutano ujao. Mlango mpya wa mama bado haujaanza. Nitaanza juma hili, kile kipande kikiwa kimebaki 2.5. Mbao ziko nyuma ya nyumba yangu. Mje muone, mguse, mpime wenyewe kabla ya kupiga kura. Vijana wa mashine nao waje. Mbwa anafungwa mchana.