Hazina ya Mwenye Nyumba



Katika Injili ya Mathayo, sura ya 13, Bwana wetu, akiisha kuwafundisha watu kwa mifano mingi, aliongeza mfano mmoja mfupi ambao wengi wetu huupita kwa haraka. Alimtaja mwandishi aliyekubali kufundishwa mambo ya ufalme wa mbinguni, akamlinganisha na mwenye nyumba ambaye katika hazina yake hutoa vitu vipya na vya kale. Mwandishi wa siku zile alikuwa mtu wa vitabu: alivinakili, alivitunza, na aliwafafanulia watu yaliyomo. Kwa hiyo mfano huu unatugusa kwa namna ya pekee sisi tuliopata riziki yetu katika kazi ya maktaba, na leo tunaomba ruhusa yenu tuungame jambo moja.

Ilikuwa mwaka 2010, katika maktaba ya chuo kimoja huku kwetu Mbeya. Mezani tulikuwa wawili, wote tumevuka umri wa miaka 50. Kazi yetu tuliijua. Katalogi ya kadi tuliifahamu kama mkulima anavyofahamu mipaka ya shamba lake. Mtu alipotaja jina la kitabu, mkono ulikwenda wenyewe kwenye rafu. Siku moja, wakati wa mvua, akaingia bwana shamba kutoka upande wa Umalila. Viatu vyake vilikuwa na matope, na mkononi alikuwa na tawi la kiazi mviringo lenye majani yaliyopigwa madoa meusi. Alitaka kusoma juu ya ugonjwa ule wa ukungu, kwa maana mashamba ya watu wake yalikuwa yakiungua kana kwamba moto umepita. Tulifungua droo za kadi, tukapata kitabu kimoja cha zamani, nacho kilikuwa kimeazimwa. Tukamwambia, "Hakuna." Akashukuru kwa adabu, akaondoka na tawi lake.

Ndugu zetu, jibu lile halikuwa kweli. Tangu mwaka 2003, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilikwisha kufungua mlango uitwao AGORA, ambao kwa huo taasisi za nchi kama yetu husoma majarida ya kilimo kwa njia ya intaneti. Mwaka mmoja kabla, 2002, Shirika la Afya Duniani lilikuwa limefungua mlango wa namna hiyo kwa mambo ya tiba, uitwao HINARI. Mwezi Julai 2009 mkongo wa SEACOM uliopita chini ya bahari ulikuwa umefika Dar es Salaam. Chuo chetu kilikwisha kuandikishwa. Barua yenye neno la siri ilikuwa imelala katika mtoto wa meza, hatua mbili kutoka pale aliposimama yule bwana. Kompyuta nayo ilikuwapo, imefunikwa kitambaa kilichodariziwa maua, ili isiingie vumbi.

Kwa nini hatukuifunua? Tulikuwa tukijiambia kwamba umeme hukatika, kwamba mtandao ni wa polepole, kwamba vijana wataharibu mashine. Hayo yote yalikuwa na ukweli wake, lakini sababu yenyewe ilikuwa nyingine. Ofisini kwetu alikuwapo binti aliyekuwa amehitimu Bagamoyo, katika chuo cha ukutubi, naye ndiye aliyejua kuitumia. Kila asubuhi binti huyo alituamkia, "Shikamoo," nasi tukamwitikia, "Marahaba." Je, mtu anayepokea shikamoo asubuhi ataketije jioni kufundishwa na yeye aliyemwamkia? Tuliona ni afadhali msomaji aondoke mikono mitupu kuliko sisi tuonekane hatujui. Hiyo ndiyo dhambi yetu, wala hatutaki kuipa jina jepesi. Yule bwana shamba hakurudi tena, na viazi vya watu wake hatujui viliishaje.

Hapo tukakumbuka habari za Apolo katika Matendo ya Mitume, sura ya 18. Apolo alikuwa msemaji hodari, mwenye kuyajua Maandiko. Hata hivyo, Prisila na mumewe Akila, mafundi wa kushona mahema, walitambua kwamba kuna jambo hajalijua. Hawakumwaibisha mbele ya watu. Walimchukua kwao, wakamweleza taratibu. Na sifa ya Apolo si ufasaha wake tu. Ni kwamba alikubali kwenda.

Nasi tulikubali, kwa kuchelewa. Mwaka uliofuata tulipanda basi alfajiri, tukapita Igawa, Makambako na Mafinga, safari ya zaidi ya kilometa 300, hadi Iringa kwa mafunzo ya juma moja. Mkufunzi alikuwa kijana wa umri wa wanetu. Siku ya kwanza kipanya kilitukimbia mkononi, mshale ukapotea kwenye kioo, na mwenzetu akainua kipanya juu ya meza akidhani ndivyo mshale unavyopandishwa. Hakuna aliyecheka. Yule kijana alisema tu, "Samahani wazee wangu, naomba turudie." Jioni tulitembea hadi kwenye jiwe la Gangilonga, ambalo jina lake kwa Kihehe ni jiwe linalosema, tukatazama mji chini yetu. Tulisema moyoni: ikiwa wazee wa Uhehe walitega sikio hata kwa jiwe, sisi tulikuwa nani tukatae kumsikiliza mtoto wa mtu?

Huko tulifundishwa pia programu ya kutunzia katalogi iitwayo Koha, ambayo leo inatumika katika maktaba nyingi duniani, na nchini kwetu pia. Asili yake inafaa kusimuliwa siku kama hii. Mwaka 1999, maktaba za wilaya ya Horowhenua huko New Zealand ziliona kwamba mtambo wao wa zamani usingeweza kuvuka kuingia mwaka 2000. Wakaunda mwingine, wakauanza Januari 2000, kisha hawakuufungia kabatini wala kuuuza, bali wakauacha wazi autumie yeyote apendaye. Neno lenyewe, koha, katika lugha ya Wamaori maana yake ni zawadi. Zawadi ya watu wa mbali, tusiowajua, ilifika hadi nyanda zetu hizi. Nasi tulikuwa tumeifunika kitambaa cha maua.

Wapendwa, angalieni tena mfano wa Bwana. Mwenye nyumba hatoi vipya peke yake, wala vya kale peke yake. Tuliporudi Mbeya hatukuchoma kadi zetu. Macho yaliyozoea kupambanua kitabu chenye elimu na kitabu chenye maneno matupu yalihitajika zaidi kuliko kwanza, kwa sababu katika mtandao uongo na kweli hukaa rafu moja, na vyote hufunguka kwa kidole kimoja. Binti wa Bagamoyo alitufundisha njia ya kutafuta, nasi tukamfundisha kumhoji msomaji kwa upole mpaka ajue hasa anachokitaka. Hapo hazina ikawa moja.

Mwalimu Nyerere alipofungua Maktaba Kuu ya Taifa Dar es Salaam, tarehe 9 Desemba 1967, nyumba ile iliwekwa ili mwananchi asikose elimu kwa sababu ya umaskini wake. Ingekuwa aibu iwapo leo ataikosa kwa sababu ya haya yetu.

Wala neno hili si la watu wa maktaba peke yao. Yuko mganga, yuko mwalimu, yuko mama wa nyumbani, yuko mzee wa kanisa, ambaye mtoto wake au mwanafunzi wake anajua jambo analolihitaji, naye anaona haya kuuliza. Na yuko mtu mlangoni, na tawi lake lililonyauka mkononi, anayengoja jibu. Juma hili, kabla hatujasema "hakuna," kila mmoja wetu afungue kwanza mtoto wa meza yake. Akikuta asilolijua, amwite aliye mdogo kwake, aketi karibu naye, na amwambie neno ambalo sisi lilitugharimu mwaka mzima kulitamka: "Mwanangu, nifundishe."

Mungu atujalie moyo huo, na awabariki nyote. Amina.