SODA IPI?
(Mazungumzo mbele ya wanafunzi, siku ya mkutano wa wanafunzi wa zamani)



Nimeombwa nizungumze juu ya faida ya masomo baada ya shule. Mimi si mkemia. Shahada yangu ya Chuo Kikuu ni ya utawala, na kazi yangu serikalini ni kupitia maombi ya vifaa. Hata hivyo, somo ninalolitumia mara kwa mara ni la Kemia: kutaja kitu kwa jina kutokana na fomula yake.

Chukueni neno "soda". Mtu huandika: "Soda, mifuko kumi." Soda ipi? Mpishi ana yake ya kuumulia maandazi, dobi ana yake, na mtengeneza sabuni ana yake. Zote ni nyeupe. Jina la mtaani halizitenganishi, fomula huzitenganisha.

Ya mpishi ni NaHCO₃, ya dobi ni Na₂CO₃, ya sabuni ni NaOH. Zote zina Na, yaani sodiamu. Herufi hizo zimetoka katika jina la Kilatini, natrium, lenye asili moja na jina la Ziwa Natron, ziwa letu la magadi mkoani Arusha.

Sasa tazameni kinachofuata. CO₃ ni kaboneti, yenye chaji mbili hasi. Sodiamu ina chaji moja chanya, kwa hiyo zinatakiwa atomu mbili: sodiamu kaboneti. Katika HCO₃, haidrojeni imekwisha chukua nafasi moja, hivyo sodiamu moja inatosha: sodiamu haidrojeni kaboneti. Hii ikipata moto hutoa gesi ya kaboni dayoksaidi, nayo ndiyo huumua andazi. OH ni haidroksaidi. Basi NaOH ni sodiamu haidroksaidi, ambayo wengi huiita kostiki soda. Hiyo huunguza ngozi, na ikimezwa huunguza koo.

Magadi ya kulainishia maharage yana zile mbili za kwanza pamoja na maji: Na₂CO₃·NaHCO₃·2H₂O. Lakini angalieni: fomula hutaja kitu kikiwa safi. Haitaji floraidi, ambayo mara nyingi huwamo katika magadi ya ziwani, nayo ikizidi huharibu meno ya watoto.

Ndugu zangu, jambo hili si la mtihani tu. Wapo watu wanaoyeyusha kostiki soda na kuiweka katika chupa tupu ya kinywaji. Mtoto anaijua soda moja tu, ile tamu. Akiiona chupa, atakunywa. Akipona, huenda koo likabaki na makovu yanayomzuia kumeza chakula maisha yake yote.

Kwenu wenzangu mlio makazini: msitie sahihi karatasi iliyoandikwa "soda" tu.

Nanyi vijana, mkienda likizo, chungulieni stoo ya nyumbani. Kila chombo kiandikeni jina kamili, fomula, na neno HATARI. Chupa ya kinywaji isitumike kabisa. Na mtoto akinywa, asitapishwe. Asuuzwe kinywa kwa maji, apelekwe hospitali mara moja.